Mtoto halii, kumbe daipa imejaa

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 19. Nimemaliza kidato cha nne na sasa ninasubiri kujiunga na chuo. Kwa miezi miwili iliyopita nimekuwa nikimlea mtoto wa jirani yetu hapa Pipeline, Embakasi, jijini Nairobi, ambaye ni msichana wa miezi minane. Mama yake, nitakayemwita Mama Neema ingawa hilo si jina lake, hufanya kazi katika kiwanda fulani. Hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja na nusu usiku. Kwetu mimi ndiye kitindamimba, kwa hivyo kabla ya kazi hii sikuwa nimewahi kumbadilisha mtoto hata mara moja.

Kila asubuhi Mama Neema huniachia daipa tatu juu ya meza, kwa sababu yeye huzinunua moja moja kwenye kioski kila jioni. Mimi nilielewa kwamba tatu ndizo zinazohitajika, nikaigawa siku mafungu matatu. Kati ya fungu moja na jingine, mtoto akilia huwa ninamkagua, lakini akiwa anacheza au amelala humwacha, kwani huona hana shida.

Alhamisi iliyopita alimwagika choo saa nane mchana nikaitumia daipa ya tatu, na haikubaki nyingine. Mama yake aliporudi, ile daipa ilikuwa inaning'inia kama furushi, mkojo umepenya hadi kwenye gauni, na alipoifungua alikuta ngozi nyekundu kwenye makalio. Alinigombeza pale kwenye ngazi, majirani wakisikia, akisema kwamba ninashinda kwenye simu huku mtoto wake akiiva kwa mkojo. Sikumjibu, kwa kuwa ni mtu mzima na ninamheshimu kama mama yangu.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa ninambadilisha mtoto kitandani, nikageuka kuchukua poda kwenye rafu, na nilipotazama tena alikuwa amejiviringisha hadi ukingoni. Nilimdaka mguu. Tangu siku hiyo mikono hunitetemeka kila ninapombadilisha.

Naomba uniambie nitajuaje kwamba daipa imejaa ikiwa mtoto halii, ni mara ngapi ninafaa kumbadilisha, na nitamwambiaje mama yake kwamba daipa tatu hazitoshi bila kuonekana mjeuri.

Mlezi mwenye hofu, Pipeline


JIBU

Marahaba, binti yangu. Upele wa nepi huwapata hata watoto wanaoshinda mikononi mwa mama zao, kwa hivyo si huo ulionishtua katika barua yako. Kilichonishtua ni pale uliposema kwamba mtoto akiwa anacheza humwacha kwa kuwa huona hana shida. Kosa lako ni hilo, na katika habari ya ule upele sikuoni na jingine. Kelele nyingine za pale kwenye ngazi hazikukuhusu.

Nyanya zetu walipowafunga watoto nepi za kitambaa, mtoto alipokojoa alihisi baridi papo hapo, akalalamika, akabadilishwa. Daipa za dukani hazifanyi hivyo. Tangu miaka ya 1980 watengenezaji wamekuwa wakitia ndani yake chembechembe zinazofyonza mkojo na kuugeuza kuwa uteute mzito, ili sehemu inayogusa ngozi ibaki kavu kwa muda. Ukichana daipa iliyojaa utauona uteute huo, unafanana na uji uliopoa. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa amekojoa mara nne na bado akakuchekea huku akipiga sufuria kwa mwiko. Kucheka kwake hakukupi habari yoyote kuhusu kilichomo ndani ya daipa. Ngozi yake, hata hivyo, inakaa katika joto na unyevu uliofungiwa, inasuguliwa anapotambaa, na choo kikiingia humo, vimeng'enya vyake, vile vinavyosaga chakula tumboni, huanza kuila ngozi ambayo tayari imelainika.

Kwa hivyo kagua kwa saa na kwa mkono. Kila baada ya saa mbili hivi, awe analia au anacheka, ipapase daipa kwa nje, sehemu ya mbele kati ya mapaja. Ikiwa bado ni bapa na nyepesi, iache. Ikiwa imevimba na inabonyea kama mto mdogo, ibadilishe. Daipa nyingi zina mstari mwembamba katikati ambao ni wa manjano ikiwa kavu na hugeuka buluu au kijani ikilowa, lakini usiufuate kama sheria, kwa maana hubadilika rangi hata kwa mkojo kidogo, na ukiutii kila mara utamaliza pakiti kabla ya adhuhuri. Habari za choo utazipata kwa pua, na kama una shaka vuta ukingo wa nyuma kiunoni uchungulie. Usitie kidole kwenye upande wa paja kwa kubahatisha, maana utakipata ulichokuwa unakitafuta.

Mkojo unaweza kusubiri kidogo. Choo hakisubiri hata kidogo: ukikigundua, acha ugali ulioinjika, epua sufuria, mbadilishe mtoto. Kwa mkojo peke yake, mtoto wa umri huo asikae na daipa moja kwa zaidi ya saa tatu au nne mchana. Wakati wa kulala mchana usimwamshe kwa sababu ya mkojo tu, bali mbadilishe kabla hajalala na mara anapoamka.

Sasa tupige hesabu aliyopaswa kuipiga Mama Neema. Kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa moja na nusu usiku ni saa 14. Ukizigawa kwa daipa tatu, kila moja inakaa saa nne na dakika 40, na hapo tumemchukulia mtoto kana kwamba hatakwenda haja kubwa hata mara moja. Mtoto wa miezi minane anayeanza kula matoke na viazi huenda mara moja, mara mbili au zaidi kwa siku. Kwa muda huo unahitaji daipa nne au tano, na moja ya akiba kwa siku kama ile ya Alhamisi. Kwa hiyo hukuzembea siku ile. Uliishiwa, na kuishiwa ni jambo ambalo mwajiri anafaa kuambiwa saa nane mchana, si kuligundua saa moja na nusu usiku. Simu unayo. Hata kama huna salio, ule ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe ungetosha. Hapo nakulaumu kidogo, kwa upendo.

Kuhusu namna ya kumbadilisha, nitakaa zaidi kwenye maandalizi, kwa kuwa hatari zote zimo humo. Kitanda si mahali pake. Mtoto huanza kujiviringisha akiwa na miezi minne hivi, na huyu wako, mwenye minane, ana kasi kuliko mkono wako. Tandika mkeka au blanketi sakafuni, juu yake leso kuukuu iliyokunjwa mara mbili, na kabla hujamlaza uhakikishe kwamba kila kitu kiko upande wa mkono wako wa kulia: daipa mpya ikiwa imeshafunguliwa, beseni dogo la maji ya uvuguvugu, pamba au kitambaa laini, taulo, mafuta, na nguo ya kubadilisha. Nawa mikono kwa sabuni. Najua kwamba kwenu maji huja kwa mgao, kwa hiyo tenga mtungi mmoja wa lita tano kwa kazi hii pekee, asiuguse mtu wa kupikia wala wa kufulia. Umesahau kitu? Mnyanyue mtoto uende naye. Hata sakafuni usimwache, maana jiko na kikombe cha chai navyo viko sakafuni katika nyumba zetu za chumba kimoja.

Mlaze chali, mpe kitu asichokizoea cha kushika, kama kijiko cha mbao au kifuniko cha plastiki kikubwa asichoweza kukimeza, na uzungumze naye. Fungua vibandiko, tumia sehemu safi ya mbele ya ile daipa chafu kufuta choo kingi kwa mpito mmoja wa kwenda chini, kisha uikunje nusu chini ya makalio, upande safi ukiwa juu. Shika vifundo vya miguu kwa mkono mmoja, kidole kimoja kikiwa katikati ili mifupa isisuguane, na uinue kidogo tu. Kwa kuwa ni msichana, futa kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara kwa pamba mpya au upande mpya wa kitambaa, kwa sababu choo kikisukumwa mbele huweza kumletea maambukizi ya njia ya mkojo. Safisha mikunjo ya mapaja taratibu, usifungue wala kusugua sehemu za ndani. (Wanaolea wavulana nao: mfunikeni kwa kitambaa mara daipa inapofunguka, mkitaka kunusurika na chemchemi, uume uelekezwe chini kabla ya kufunga, na govi lisivutwe nyuma kamwe.) Vitambaa vyenye unyevu vya dukani si vibaya, ila kwa ngozi iliyokwisha kuwa nyekundu tumia maji matupu, kwa maana manukato yaliyomo huichoma.

Kausha kwa kugusagusa bila kusugua, pamoja na mikunjo. Pitisha daipa mpya chini, upande wenye vibandiko ukiwa nyuma, uufunge kiunoni kiasi kwamba vidole viwili vinapita. Halafu fanya jambo ambalo walezi wengi hulisahau: pitisha kidole kuzunguka mapaja yote mawili ili kuivuta nje ile mikunjo myembamba yenye lastiki. Ikibaki imejikunja kwa ndani, mkojo hupita pembeni hata kama daipa haijajaa nusu. Sishangai gauni la mtoto lililowa Alhamisi, na sina hakika kwamba wingi wa mkojo ulikuwa ndio sababu pekee. Jaribu hili kesho uone.

Ile poda iliyokaribia kumwangusha mtoto uirudishe kwa mwenyewe. Vumbi lake huingia mapafuni mwa mtoto, na likichanganyika na unyevu kwenye mikunjo hugeuka kuwa tope. Badala yake paka safu ya mafuta ya mgando au malhamu yenye zinki kwenye ngozi iliyokauka kabisa, na unapombadilisha tena usihangaike kukwangua mabaki yote ya zinki. Futa uchafu wa juu, uongeze nyingine. Mara mbili au tatu kwa siku mlaze makalio wazi, bila daipa, juu ya leso kwa dakika kumi hivi huku umekaa kando yake. Atakojoa juu ya leso, naam, na leso hufuliwa. Kwa utunzaji huo upele wa kawaida huanza kupungua ndani ya siku mbili au tatu. Ukiona badala yake umekuwa mwekundu wa kung'aa, umeingia ndani ya mikunjo, na una vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni, huenda ni fangasi, na huo hauponi kwa mafuta ya mgando. Apelekwe kliniki na kitabu chake. Kumbuka kumwambia mama yake asinunue tu kwenye duka la dawa ile krimu aliyopewa jirani, kwa kuwa baadhi ya krimu za mchanganyiko zina steroidi kali zisizofaa kupakwa ngozi ya mtoto bila ushauri wa daktari, tena chini ya daipa inayozifungia zipenye zaidi.

Ukiwa na daipa mkononi, itazame kabla ya kuitupa. Rangi ya choo cha mtoto anayekula hufuata sufuria: malenge hukipa rangi ya chungwa, sukuma wiki kijani, na dawa ya madini ya chuma hukifanya cheusi. Hayo hayatishi. Damu, choo cheupe kama chokaa, au cheusi kama lami ilhali hajapewa dawa ya chuma, ni mambo ya kumpigia mama yake wakati huo huo na kwenda hospitali. Daipa iliyobaki kavu kwa saa sita nayo ni habari mbaya, hasa ikiwa mtoto anaharisha au anatapika, mdomo umekauka, analia bila machozi, au utosi umebonyea. Huko ni kuishiwa maji mwilini, na jioni ni mbali.

Daipa iliyotumika, kung'uta choo chake chooni kwanza, uiviringe, uifunge kwa vibandiko vyake yenyewe, uizungushie gazeti kuukuu, kwa vile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kisha uiweke kwenye pipa lenye kifuniko. Usiitumbukize chooni, kwani mabomba ya jengo zima yataziba na wa orofa ya chini ndio watakaokutafuta. Habari ya kuirusha kupitia dirishani siitaji. Wanaofanya hivyo huko Pipeline wanajijua.

Tuje kwa Mama Neema. Usimwendee usiku anaporudi, miguu imevimba na matatu zimemchosha. Ngoja Jumapili au siku yake ya mapumziko, na uende na daftari badala ya malalamiko. Kuanzia kesho piga mistari kwenye ukurasa mmoja, uandike saa uliyokagua, kama kulikuwa na mkojo au choo, na saa uliyobadilisha. Baada ya siku nne ukurasa huo utazungumza kwa niaba yako, nawe hutalazimika kumwambia mtu mzima kwamba amekosea. Unaweza kumwambia hivi: "Mama Neema, pole kwa yale ya Alhamisi. Nilipaswa kukupigia daipa zilipoisha. Nimekuwa nikiandika siku ya mtoto, naomba tuitazame pamoja, kwa sababu naona tatu zinaisha mapema." Kisha nyamaza, umwache asome.

Huenda akakujibu kwamba fedha hazipo, na lazima nikwambie kwamba jibu hilo linaweza kuwa la kweli kabisa. Anayenunua daipa moja moja hafanyi hivyo kwa kupenda. Pakiti ni nafuu kwa kila kipande, lakini inadai fedha zote kwa mkupuo, na kibarua anayelipwa kwa siku hazioni fedha hizo pamoja. Basi pendekeza njia ya kati. Nepi za kitambaa zitumike saa ambazo mtoto yuko macho nyumbani, na daipa zihifadhiwe kwa usingizi na matembezi. Nepi nane au kumi zinatosha kuanzia, ila ujue unachojitwika: kitambaa hakifichi unyevu, kwa hivyo kitabadilishwa kila kinapolowa, hata kila saa moja. Choo kinaondolewa kwanza, nepi zinafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa mpaka maji yawe maangavu, kwa sababu sabuni iliyobaki huwasha ngozi, na katika baridi ya Juni na Julai zitachukua siku mbili kukauka kwenye roshani. Kwa kuwa kazi yako itaongezeka, na maji pia, hilo nalo liwe sehemu ya mazungumzo. Si ujeuri kulitaja.

Jambo moja la kukuonya. Usipige picha ya makalio ya mtoto, iwe ya kuonyesha kwamba upele umepona au ya kujitetea, na usiitume kwa mtu yeyote kwenye WhatsApp, hata mama yake. Muite aangalie kwa macho yake anaporudi. Picha ya namna hiyo ikishatoka kwenye simu yako huwezi kuirudisha, na mwenyewe hajafikisha umri wa kukataa.

Habari ya kitanda nayo mwambie Jumapili hiyo hiyo, baada ya daftari. Mtoto hakuanguka, kwa hivyo atashtuka kidogo, atakutazama, pengine atakuambia kwamba hata yeye iliwahi kumtokea. Bora aisikie kwako kuliko siku moja aone alama usiyoweza kuieleza. Mkeka ukiwa umetandikwa sakafuni wakati unamweleza, ataona kwamba umekwisha kulirekebisha.